Je, Wajua? George Foreman, Bondia Aliyelala Kinshasa Akaamka Las Vegas

Je, wajua kwamba George Foreman alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu kwa miezi 21 bila kuutetea mkanda huo nyumbani kwao Marekani hata mara moja? Aliutwaa Kingston, Jamaika, Januari 1973, alipomwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili. Akautetea Tokyo, kisha Caracas. Akaupoteza Kinshasa.

Wajua kwamba pambano la Kinshasa dhidi ya Muhammad Ali lilikuwa lifanyike Septemba 1974, likaahirishwa kwa kuwa Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini? Na wajua kwamba alishuka Zaire na mbwa wa Kijerumani, wa aina ileile waliyotembea nayo polisi wa kikoloni wa Ubelgiji? Wenyeji hawakuwa wamesahau. Uwanja ukaimba kwa Kilingala, “Ali, boma ye”, yaani, Ali, muue.

Alfajiri ile ya Oktoba 30 Foreman alikuwa ameshinda mapambano yote 40, 37 kwa KO. Ali akaegemea kamba, akajikunja, akamwacha arushe makonde mpaka mikono ikawa mizito. Raundi ya nane, Foreman chini. Alipigana mara 81 maishani; KO aliyopigwa ni hiyo moja tu.

Wajua kwamba mwaka 1977, baada ya Jimmy Young kumshinda kwa pointi, aliacha ndondi akawa mhubiri? Miaka kumi hakugusa ulingo. Alirudi 1987, kipara na kitambi, akitafuta fedha za kuendesha kituo chake cha vijana Houston. Watu walimcheka. Kwangu mimi, marejeo hayo yana uzito kuliko makonde yote aliyompiga Frazier.

Kwani Novemba 5, 1994, Las Vegas, akiwa na miaka 45, alimkabili bingwa Michael Moorer, kijana wa miaka 26 asiyejua kushindwa. Bukta aliyovaa ni ileile ya Kinshasa! Kwenye kona yake alisimama Angelo Dundee, ambaye Kinshasa alikuwa kona ya Ali. Raundi tisa Moorer aliongoza kwa majaji wote watatu. Ya kumi, konde la kulia likamkuta kidevuni, akahesabiwa hadi kumi. Foreman akapiga magoti, akasali. Hadi leo hakuna aliyeutwaa mkanda wa uzito wa juu akiwa na umri kama wake.

Wajua kwamba wanawe watano wa kiume wote wanaitwa George? Kwamba majiko ya umeme ya kuchomea nyama yenye jina lake yaliuzwa zaidi ya milioni 100? Kwamba alishinda mapambano 76, akafariki Machi 2025 akiwa na miaka 76?

Na Ali? Wakaja kuwa marafiki. Mwaka 1997 filamu ya pambano la Kinshasa ilipopata tuzo ya Oscar, Ali, akiwa anaugua Parkinson, alihitaji mtu wa kumpandisha ngazi za jukwaa. Aliyemshika mkono ni Foreman.