Vuka Mpaka Kwanza

Kati ya mashauri yaletwayo mbele ya wazee, mbele ya mwami na hata mbele ya padri, yale ya ardhi ndiyo yenye uchungu kupita yote. Mbuzi akiibiwa, hulipwa mbuzi mwingine. Lakini mpaka wa shamba ukisogezwa hatua tatu, mtu huona kana kwamba wamesogeza kaburi la baba yake. Ndipo ndugu waliobatizwa siku moja huacha kusalimiana, hata mlangoni mwa kanisa.

Tutwae mfano wa Bushi, katika Kivu ya Kusini, kwa kuwa huko desturi za ardhi zina majina yaliyo wazi. Mtu aliyempa mwami au mkubwa wa ardhi kalinzi, yaani ng'ombe au mbuzi, alipata shamba la kudumu, naye aliweza kuwarithisha wanawe. Aliyeazima kwa bwasa hulima kwa muda tu: hutoa pombe, au kazi ya siku kadhaa, au feza, na kuvuna maharagwe yake. Hana ruhusa ya kupanda migomba wala kahawa, maana kupanda mmea udumuo miaka mingi ni kama kusema: hapa ni pangu.

Basi, tuseme mtu wa kalinzi aamka asubuhi na kukuta migomba sita michanga katika shamba aliloliazimisha. Hasira yampanda. "Mwizi huyu!" Lakini mwenzake naye ana habari zake. Baba yake alilima pale miaka thelathini, akafa bila kumweleza mwanawe alipewa shamba kwa mapatano gani. Mwana hakuwaza kuiba. Alipanda mahali alipokulia. Wote wawili wasema kweli, ila kila mmoja asema kweli ya upande wake. Nao wakifika barazani, kila mmoja atamwona mwenzake kuwa mwongo. Tena aweza kutokea mtu wa tatu. Sheria ya mwaka 1973 ilitangaza ya kuwa ardhi ni mali ya Dola. Hivyo mtu wa mjini aweza kufika na hati ya ofisini ambayo wazee wa kijiji hawajapata kuiona.

Dawa yangu ni ndogo, na wengine wataicheka. Kabla ya kumwita shahidi hata mmoja, vuka mpaka. Simama upande wa jirani, ugeuke, ulitazame shamba lako kutoka kwake. Huenda ukaona ya kuwa mfereji wako wamwaga maji ya mvua katika mihogo yake. Huenda ukahesabu watoto waketio mbele ya nyumba yake, kisha ukahesabu matuta aliyo nayo. Ujiulize: Kama ningalizaliwa upande huu, ningaliamini nini? Swali hilo halimpi jirani shamba lako. Lakini hubadili neno la kwanza utakalomwambia. Hutasema tena, "Kwa nini umeniibia?" Utauliza, "Baba yako alikuambia nini juu ya shamba hili?"

Abrahamu alifanya vivyo hivyo wachungaji wake walipogombana na wale wa Loti kwa ajili ya malisho. Yeye alikuwa mkubwa, ndugu wa baba yake Loti, na kwa desturi ilimpasa kuchagua kwanza. Alianza na undugu wao, akamwachia kijana achague. Akishika mkono wa kushoto, yeye atakwenda wa kuume. Loti alichagua bonde la Yordani lenye maji mengi, na Abrahamu hakunung'unika.

Lakini tusikosee. Naboti alikataa kumpa mfalme Ahabu shamba la mizabibu la baba zake, na haki ilikuwa yake. Nimewasikia wakubwa wa jamaa wakimwambia mjane, "Mama, tulia, tafuta amani," nao wamekwisha kugawana nyumba ya marehemu. Hiyo si amani. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 iliwapa watoto wa marehemu, wa kiume kwa wa kike, robo tatu ya urithi, na mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba alimoishi na mumewe. Hapo wanaopaswa kuvuka mpaka ni mashemeji, wakaitazame nyumba ile kwa macho ya mjane.

Mkipatana, msiende nyumbani na maneno matupu. Tembeeni mpaka wote kwa miguu, pamoja na wake zenu, watoto waliokwisha kukua na majirani wa pande zote. Wekeni alama. Andikeni tarehe, majina na mashahidi, na kila upande ushike karatasi yake. Wanashirika, au Tume ya Haki na Amani ya jimbo, waweza kuwasaidia msio na ujuzi wa kuandika.

Na migomba ile sita? Yaweza kukubaliwa ya kuwa aliyeipanda avune mikungu ya kwanza, kisha ahamishie machipukizi nyuma ya nyumba yake, na bwasa iendelee kwa maharagwe kama zamani. Hayo nayo yaandikwe, pamoja na hesabu ya migomba.