Maana ya "Kuandika" na "Kuhifadhi" Katika Kompyuta

Kwa desturi, aliyekwisha kuandika amehifadhi. Wino ukikauka, neno limekaa. Katika kompyuta sivyo. Programu iandikapo faili, kiini cha mfumo wa Linux huyapokea yaliyoandikwa, huyaweka katika kurasa za kumbukumbu, kisha hujibu kwamba kazi imekwisha, ilhali diski haijaguswa. Kurasa hizo huitwa "chafu", nazo aghalabu hungoja kiasi cha sekunde 30 kabla ya kupelekwa diskini. Umeme ukikatika kabla ya hapo, kilichoandikwa hakipo.

Kwa hiyo programu iliyoshika amana ya watu, kama vile hesabu za benki, haina budi kutoa amri iitwayo fsync. Ndipo mfumo wa mafaili huzipeleka kurasa chafu na kungoja zifike. Huandika pia habari za faili lenyewe, yaani urefu wake na mahali lilipo. Kisha huiamuru diski ikitue chini kile ilichokishika katika kumbukumbu yake ndogo, kwani diski nayo ina tabia ya kusema "tayari" kabla ya wakati. Jina la faili jipya ni jambo jingine: limo katika saraka, na saraka yataka fsync yake. Hapo wengi hujikwaa.

Je, diski ikishindwa kuandika? Mwaka 2018 watengenezaji wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, walitambua kwamba Linux, ikisha kushindwa kuupeleka ukurasa, iliuhesabu kuwa "safi". Neno hilo lilipotosha, maana kwa kiini "safi" ni ukurasa usiodaiwa kupelekwa, wala si lazima uwe umefika. fsync ya kwanza ilileta habari ya kosa. Ya pili, isipokuta ukurasa mchafu, ilijibu kuwa mambo ni salama. PostgreSQL ilikuwa na mazoea ya kurudia amri na kuliamini jibu hilo la pili.

Linux 4.13 ya mwaka 2017 ilikuwa imekwisha kuitengeneza njia ya kupasha habari, hata kila aliyelifungua faili aambiwe kosa mara moja. Lakini kuambiwa si kurudishiwa kilichopotea. Basi tangu Februari 2019 PostgreSQL, ipatapo kosa la fsync, hujisimamisha kwa makusudi, ikaanza upya kutoka katika daftari lake la mabadiliko, ambamo kila badiliko huandikwa na kuthibitishwa kabla ya kutiwa mahali pake.