Delta ya Rufiji: Dharura ya uzazi haidai bando

Mzazi wa Mbwera au Salale, Kibiti, mwenye simu ya kitochi hukosa huduma nyingi za mtandaoni. Nyingine hazifunguki kwenye kivinjari cha zamani, nyingine humaliza bando mapema. Mfumo wa m-mama, wa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga hadi siku 28, hauko hivyo. Programu ya kutafuta usafiri inatumiwa na mhudumu wa kituo cha uratibu. Mzazi anapiga 115 bure, kwa simu yoyote.

Tatizo ni mawimbi ya simu, hasa ndani ya mikoko. Familia ijue mapema mahali yanaposhika, simu ichajiwe, na mwenye boti aulizwe kabla ya uchungu: maji yakikupwa, boti hukwama.