Korongo kavu, korongo lenye maji: fizikia ya safari ya gari karibu na nyumbani

Si lazima uvuke Afrika nzima ndipo uitwe msafiri. Vijana wengi wa Arusha siku hizi wanachangishana hela, wanakodi gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, wanapakia hema na jiko la gesi, basi safari imeiva. Unapita Makuyuni, unafika Mto wa Mbu, unakata kaskazini kuelekea Engaruka na Ziwa Natron. Kushoto kwako ni ukuta wa Bonde la Ufa, na mbele ni Ol Doinyo Lengai, volkano ambayo lava yake nyeusi hugeuka nyeupe ikikaa hewani siku chache.

Raha tupu. Ila njia hiyo inakatiza makorongo, na korongo lina tabia mbili tofauti kabisa.

Likiwa kavu: mchanga

Kwa nini gari linazama mchangani? Jibu ni mgandamizo, yaani uzito ukigawanywa kwa eneo linalogusa ardhi.

Chukua gari la kilo 2,000. Kila tairi linabeba kama kilo 500. Ukiwa na upepo wa psi 35, kila sentimita ya mraba ya tairi inabeba karibu kilo 2.5. Kwa hiyo tairi linagusa ardhi kwa sentimita za mraba 200 hivi, kama theluthi moja ya karatasi ya A4. Kila tairi limesimama juu ya eneo dogo namna hiyo!

Sasa punguza upepo hadi psi 18. Tairi linalala, nyayo yake inarefuka, na eneo linafika karibu sentimita za mraba 400. Uzito ni uleule, lakini mchanga unasukumwa kwa nusu tu ya nguvu ya mwanzo kwa kila sentimita. Gari linaelea juu ya mchanga badala ya kujichimbia.

Ukirudi kwenye barabara ngumu, jaza upepo kwanza. Tairi laini likienda mbio hujikunja na kujikunjua kila mzunguko, linapata joto, na linaweza kupasuka.

Likiwa na maji: hesabu inageuka

Hapa ndipo watu wanapoteza maisha, mara nyingi kwa kuamini kwamba gari ni zito, haliwezi kubebwa. Hebu tupige hesabu.

Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Tuseme gari dogo lina kilo 1,200, na sakafu yake ina eneo la mita za mraba 5. Maji yakipanda sentimita 10 juu ya sakafu, kabla hayajaingia ndani, yanalisukuma gari juu kwa nguvu ya kilo 500. Yakifika sentimita 20, ni kilo 1,000. Zimebaki kilo 200 tu za kushikilia matairi chini. Gari kubwa linahitaji maji mengi zaidi, lakini kanuni haibadiliki.

Wakati huohuo maji yanasukuma ubavuni. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo inaongezeka mara nne. Gari limepungua uzito, msukumo umepanda. Unadhani nani atashinda?

"Lakini gari letu lina snokeli." Sawa, lile bomba linazuia injini isivute maji. Ni jambo la maana, kwa sababu maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwenye silinda, mkono wa pistoni unaweza kupinda. Ila snokeli haiongezi hata gramu moja ya kulizuia gari lisielee.

Jua linawaka, maji yametoka wapi?

Mvua inaweza kunyesha kwenye nyanda za juu za Ngorongoro huku wewe uliye bondeni unatafuta kivuli. Miteremko ni mikali, hivyo maji yanashuka haraka na kukusanyika kwenye korongo moja. Ndiyo maana hupigi hema ndani ya korongo, hata kama mchanga wake ni laini kama godoro.

Uzuri ni kwamba mafuriko ya namna hii hupungua haraka pia, mara nyingi ndani ya saa chache. Kwa hiyo chomeka kijiti kwenye ukingo wa maji, bandika chai, uangalie. Maji yakishuka, kijiti kitakuonyesha. Waulize wachungaji wa hapo. Wao wanalijua korongo lao kuliko ramani ya simu. Hata maji yakitulia, kumbuka kwamba huenda yamechimba shimo usiloliona chini yake.

Kama bado yanakimbia, usivuke. Mkilala ng'ambo hii usiku mmoja, mtakachopoteza ni ratiba tu.