Kwa Nini Kitambaa cha Katani Huoshwa kwa Kostiki Soda?



Baadhi ya kamati za sharika zinazoandaa miradi ya vijana ya kutengeneza ubao wa katani zimeuliza: kwa nini bajeti ina kostiki soda, siki, glavu na miwani, wakati ubao ni kitambaa na resini tu?

Ubao huu hupatikana kwa kulowesha kitambaa cha nyuzi kwa resini, ambayo huganda na kuwa ngumu. Si jambo geni. Gari la Trabant, lililotengenezwa Zwickau, Ujerumani, kuanzia 1957 hadi 1991, lilikuwa na bodi ya nyuzi za pamba na resini. Hapa Shinyanga tunalima pamba, na mkonge tunaupanda kama uzio.

Shida ni kwamba uzi wa katani hupenda maji, na juu yake una nta. Resini haishiki vizuri juu ya nta. Baadaye unyevu huingia katikati na tabaka za ubao huachana. Kostiki soda huondoa nta na kuukwaruza uzi, nayo resini hupata pa kushika.

Hatua ni hizi:

1. Tia gramu 50 za soda katika lita 1 ya maji. Soda iingie majini; kamwe usimwage maji juu ya soda, kwani huchemka na kuruka.
2. Tumia ndoo ya plastiki. Soda hula sufuria za alumini.
3. Loweka kwa saa chache tu. Ukizidisha, uzi hudhoofika.
4. Suuza mara nyingi, ukimalizia kwa maji yenye siki kidogo.
5. Anika hadi kikauke kabisa.

Akina mama wanaotengeneza sabuni wanajua jinsi soda inavyounguza. Ikiingia jichoni yaweza kupofusha.

Ndugu zetu wa Geita wanaifahamu pia, kwa kuwa wachenjuaji wa dhahabu huitumia pamoja na sianidi. Kwa hiyo tunasisitiza: msinunue mapipa yaliyotoka kwenye uchenjuaji, hata yakiwa ya bei nafuu na yameoshwa. Maji machafu ya soda nayo yapunguzwe ukali kwa siki, wala yasimwagwe karibu na lambo ambako mifugo hunywa.

Kamati ikitaka kupunguza gharama, ianze na ubao mdogo wa majaribio. Isipunguze glavu na miwani. Mradi ulioanzishwa ili kijana apate riziki usimwondolee macho.

Bwana awabariki.