Mwembe au Mkrismasi?

Paukwa!
Pakawa!

Sogeeni, wajukuu zangu. Hapo zamani, pale Tanga, palikuwa na kaka na dada. Baba yao alipomaliza kujenga, uani pakabaki nafasi ya mti mmoja tu. Kaka akataka mwembe, dada akataka mkrismasi. Wakabishana weee, mwisho wakamwendea bibi yao.

Bibi akaanza na dada: "Mkrismasi ni mzuri, nani atabisha? Kwao ni Madagaska, na huku kwetu Desemba ikikaribia huwa mwekundu mti mzima. Ila maua yale hauwavalii ninyi, mjukuu wangu. Huwavalia nyuki na ndege, wapate kuubebea chavua."

Akamgeukia kaka: "Nawe usidhani mwembe hauna maua. Unayo, madogo madogo kwenye vishada, na nzi na nyuki huyapitia. Kila dodo ulilokula lilianza kuwa ua. Mkrismasi nao huzaa! Yale maganda marefu mnayoyatikisa kama kayamba ndiyo matunda yake. Mwembe huifunika mbegu kwa nyama tamu, mkrismasi huifungia kwenye ganda gumu lisilolika."

Kisha akawatoa uani. "Tazameni ukuta ulivyo karibu. Mizizi ya mkrismasi hutambaa juu juu, huinua sakafu. Tena kiangazi hupukutisha majani, mkatafuta kivuli msikione. Mwembe una majani mwaka mzima."

Kaka akaanza kuchekelea. Bibi akamkatiza: "Ngoja! Mwembe wa kokwa huweza kufika mita 30, na mtausubiri miaka 5 hata 8 ndipo uzae. Chukueni mche wa kubebesha: hauwi mrefu sana, na mwaka wa 3 au wa 4 huanza kuzaa. Lakini maembe yakianguka yaokoteni siku ile ile. Yakiozea chini, nzi wa matunda watazaliana humo, waharibu na yaliyo mtini."

"Na mkrismasi wangu?" dada akauliza.

"Upeleke shuleni kwenu. Uwanja ni mpana, mizizi itatambaa itakavyo, na maua yataonwa na wengi."

Wakafanya hivyo, na ugomvi ukaisha.

Nanyi, wajukuu zangu, kabla ya kuuliza mti upi ni mzuri, pimeni kwanza uwanja wenu, kisha mkubaliane nani ataumwagilia maji.