Umoja na Masharti Yake: Kuunganisha Modemu Kadhaa kwa Intaneti ya Pamoja

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Methali hii hutajwa mara kwa mara, ila ni nadra kuulizwa nguvu hiyo hupatikana kwa masharti gani. Jibu mojawapo limo katika teknolojia ya miaka ya 1990: kuunganisha modemu kadhaa ili watu wanaotumia intaneti kwa pamoja wapate kasi zaidi. Makala haya yanafafanua utaratibu huo na mipaka yake.

Upungufu wa Waya Mmoja

Modemu hugeuza data ya tarakilishi kuwa sauti inayoweza kupita katika waya wa simu, na modemu ya upande wa pili huirejesha sauti hiyo kuwa data. Kiwango cha V.90, kilichoidhinishwa mwaka wa 1998, kiliruhusu kupokea biti zisizozidi 56,000 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo kamili, faili ya biti milioni 8, yaani megabaiti moja, ilihitaji takriban sekunde 143. Watumiaji kumi walipopakua kwa wakati mmoja, kila mmoja alisaliwa na biti 5,600 kwa wastani.

Kugawa na Kuunganisha

Kuna njia mbili za kutumia nyaya kadhaa. Katika njia ya kwanza, tarakilishi moja huwa lango la nyingine zote na kuwagawia watumiaji nyaya: huyu huu, yule ule. Njia hii huwafaa wengi, lakini anayepakua faili moja hapati zaidi ya kasi ya waya mmoja.

Njia ya pili ndiyo muungano hasa. Ujumbe hukatwa vipande, kila kipande hupewa nambari ya mfuatano, kisha vyote husambazwa katika nyaya mbalimbali. Upande wa pili huvipanga upya kwa kufuata nambari hizo. Itifaki ya utaratibu huu, yaani PPP ya viungo vingi, ilichapishwa na Keith Sklower na wenzake mwaka wa 1994, ikaboreshwa mwaka wa 1996. Kinadharia, modemu mbili hufikisha biti 112,000 kwa sekunde, na faili iliyotajwa hapo juu huchukua takriban sekunde 71.

Masharti ya Muungano

Kwanza, pande zote mbili sharti zikubaliane: mtoa huduma asiyeitambua itifaki hii huufanya muungano usiwezekane. Pili, vipande vilivyotangulia kufika huvisubiri vilivyochelewa, hivyo waya dhaifu huzikwamisha nyaya nzima. Tatu, kila waya ni simu inayojitegemea, na kila simu ina gharama yake. Nne, kasi ya jumla haiwezi kupita ile ya njia iliyo mbele. Nchini Kenya, kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kuanza kutumika mwaka wa 2009, mawasiliano ya intaneti na ng'ambo yalitegemea setilaiti. Kuongeza modemu kulipanua njia ya kumfikia mtoa huduma tu. Wembamba wa njia ya setilaiti ulibaki palepale.

Hitimisho

Ni bayana kwamba wingi wa nyaya pekee hauleti kasi. Kinacholeta kasi ni mapatano ya pande mbili na mpangilio unaokipa kila kipande nafasi yake. Methali ya wahenga ingali kweli, mradi umoja unaozungumziwa uwe na utaratibu.